Kilo za nyundo, tani za presi: namna ya kuzielewa mashine mbili za kufulia chuma

Mhunzi anayefikiria kuongeza mashine kwenye karakana yake hukutana mapema na namba mbili zinazochanganya. Nyundo ya mashine huuzwa kwa kilo: 25, 50, 100. Presi huuzwa kwa tani: 16, 25, 60. Ukizitazama juujuu, presi ndogo inaonekana kuizidi nyundo kubwa zaidi ya mara mia, na wengi hukata shauri hapohapo. Lakini namba hizo hazipimi kitu kimoja. Kilo za nyundo ni uzito wa kichwa kinachopanda na kushuka. Tani za presi ni msukumo wa juu kabisa unaoweza kutolewa na silinda yake. Huwezi kuigeuza namba moja iwe nyingine kabla hujajua chuma kina moto kiasi gani na kitabonyea kwa kina gani.

Tufanye hesabu. Tuseme kichwa cha kilo 25 kinafika kwenye chuma kikiwa na mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 310 hivi, na nishati hiyo lazima iishie mahali. Chuma kikiwa laini, kikabonyea milimita 5 kabla kichwa hakijasimama, nguvu ya wastani ya pigo hilo ni kama tani 6. Chuma hichohicho kikipoa na kubonyea milimita 1 tu, nguvu inaruka hadi zaidi ya tani 30. Nyundo ni ileile na kasi ni ileile, ila chuma ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo nyundo haina tani zake yenyewe. Tani huzaliwa pale kichwa kinapokutana na kazi, yaani kile chuma kinachofuliwa. Hapo pia ndipo unapoona kwa nini kupiga chuma kilichopoa kunaua mashine: nguvu inayokosa pa kwenda inarudi kwenye fremu, kwenye pini na kwenye mikono ya fundi.

Presi iko kinyume. Tani zake 25 ni mpaka. Ikikutana na chuma kinachohitaji tani 26, inasimama na kunguruma, basi. Chuma kikiwa laini, inatumia tani chache tu za kukisukuma, nyingine zinabaki akiba. Ikisukuma kwa nguvu yake yote kwa umbali wa milimita 10, inafanya kazi ya juli 2,450 hivi, sawa na mapigo manane ya nyundo yetu. Nyundo inayopiga mara 200 kwa dakika huyamaliza mapigo manane kwa sekunde mbili na nusu. Presi yenye mota ya kilowati 4 haiwezi kushuka kwa nguvu kamili kwa kasi inayozidi milimita 16 kwa sekunde, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Ukijumlisha yote, mashine hizi mbili za ukubwa wa karakana zinakaribiana kwa kiasi cha kazi. Zinachotofautiana ni jinsi kazi hiyo inavyoingia ndani ya chuma.

Ngozi ya chuma na moyo wake

Chukua kipande cha mraba chenye unene wa milimita 50, kikiwa na rangi ya chungwa inayoelekea njano, ukipige kwa nyundo nyepesi mapigo mengi ya harakaharaka. Kisha kitoe na utazame ncha yake. Utaona imeingia ndani katikati, kama mdomo wa samaki. Mapigo mepesi yamesogeza ngozi ya juu na ya chini, ngozi ikarefuka, na moyo ukabaki nyuma. Rudia na kipande kingine kama hicho kwenye presi, au kwenye nyundo nzito inayokitosha, na ncha itatoka nje ikiwa imevimba katikati. Hapo moyo ndio uliotembea na kuitangulia ngozi.

Alama hiyo ndogo ya ncha ina habari nyingi kuliko karatasi ya mauzo. Mdomo wa samaki ukiendelea kupigwa, kingo zake mbili hukutana na kufunika nafasi iliyo katikati. Kwa nje kipande kinaonekana kizima, ndani kuna mkunjo ambao haukuungana na utafunguka siku chuma kitakapobeba mzigo au kusokotwa. Fundi makini huanza kufua nchani akiwa na joto lote na mapigo mazito, au huiacha ncha ndefu kidogo ili aikate baadaye. Namshauri yeyote anayejifunza aikague ncha kila anapotoa kazi motoni mpaka iwe mazoea.

Viwanda vikubwa vilikutana na shida hiyohiyo kwa kipimo cha kutisha. Mwaka 1839 James Nasmyth wa Uingereza alichora nyundo ya mvuke kwa sababu meli ya Great Britain ilihitaji mhimili mnene wa magurudumu ya kasia, na hakukuwa na nyundo ya kuufua. Meli ikaja kubadilishiwa mpango na kuwekewa parafujo (propela), mhimili ule haukuhitajika tena, lakini wazo likaishi. Mfaransa François Bourdon ndiye aliyetangulia kuijenga nyundo ya namna hiyo, huko Le Creusot, na Nasmyth akapata hataza yake mwaka 1842. Watu walipenda kuonyesha uwezo wake kwa kuvunja yai lililowekwa ndani ya glasi bila glasi kupasuka. Mimi naona onyesho hilo lilieleza thamani ya mashine vizuri kuliko uzito wake: kichwa kizito kinachotii mkono wa fundi.

Mwaka 1877 Le Creusot walisimamisha nyundo ya mvuke yenye kichwa cha tani 100, ambayo leo imewekwa mjini humo kama mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1891 kampuni ya Bethlehem ya Marekani ikawa na ya tani 125. Baada ya hapo mbio zikaisha. Kila nyundo ilipokua, msingi wake ulizidi kuwa mgumu kuujenga, ardhi ilitetemeka, na bado moyo wa donge kubwa la chuma haukufikiwa vizuri. Presi ya maji, ambayo Joseph Bramah alikuwa amepata hataza yake tangu mwaka 1795, ikachukua kazi hiyo. Kufikia mwaka 1955 Marekani ilikuwa na presi za tani 50,000 za kutengenezea sehemu za ndege.

Uzito ulio chini

Wanunuzi huuliza uzito wa kichwa na kusahau kuuliza fuawe ina kilo ngapi. Kichwa kinapopiga, sehemu ya nishati hubonyeza chuma na sehemu hupotea kwa kuisukuma fuawe chini. Fuawe ikiwa na uzito mara tano ya kichwa, karibu asilimia 17 ya pigo inaweza kwenda sakafuni. Ikiwa mara kumi, hasara inashuka hadi kama asilimia 9. Ikiwa mara ishirini, asilimia 5 hivi. Ndiyo maana mara kumi huchukuliwa kuwa kiwango cha chini cha kuridhisha, na kumi na tano au ishirini huwa ndicho kinachotafutwa. Kinachohesabiwa hapo ni chuma kizima kilichosimama moja kwa moja chini ya pigo. Fremu nzito iliyo pembeni haisaidii, na mabamba membamba yaliyopangwa na kushikwa kwa bolti hula pigo kwenye kila maungio. Wanaojiundia nyundo wenyewe hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, halafu hulalamikia mota.

Presi haihitaji fuawe nzito. Msukumo wake wote unajifunga ndani ya fremu: silinda inasukuma chini, fremu inavutwa, na sakafu haisikii kitu zaidi ya uzito wa mashine yenyewe. Kwa anayefanya kazi karibu na makazi ya watu, au kwenye jengo lenye sakafu nyepesi, suala hili peke yake linaweza kuamua. Fremu sasa ndiyo inayobeba kila kitu, na ikiwa dhaifu itapinda au maungio yake yatapasuka. Hilo si jambo la kukisia. Lipimwe na anayejua hesabu za chuma.

Jamaa za nyundo

Nyundo za kimakanika hutumia mota inayozungusha krenki, na krenki huvuta springi au mikono yenye viungo inayokirusha kichwa. Little Giant, zilizotengenezwa Mankato, Minnesota, ni mfano unaojulikana sana, na nyingi bado zinapiga kazi. Ni mashine rahisi kuzielewa na kuzitengeneza. Tabia yake ni kwamba nguvu ya pigo imefungwa kwenye kasi: ukikanyaga pedali kidogo, mkanda unateleza na nyundo inapiga polepole na kwa unyonge, ukikanyaga sana, inapiga haraka na kwa nguvu. Pigo moja zito lililo peke yake ni vigumu kulipata. Pia urefu wa mwendo wake hurekebishwa kwa unene fulani wa kazi, na ukitoka kwenye unene huo pigo hubadilika.

Nyundo za hewa zenye silinda mbili, kama zile za Massey wa Manchester, Bêché wa Ujerumani au Anyang wa China, huwa na pistoni moja ya kusukuma hewa na nyingine iliyo kichwa chenyewe. Valvu zinazoongozwa na pedali hufanya kichwa kigonge polepole, kipige kwa nguvu zote au kining'inie juu kikisubiri. Nyingine zinaweza hata kukishikilia kichwa chini kikiwa kimebana kazi. Kwa mchongaji wa chuma, ambaye pigo lake la kumi halifanani na la tisa, utii huo una thamani kubwa. Kuna pia zinazotumia hewa kutoka kompresa ya karakana. Hizo ni nyepesi kuunda, lakini kompresa ya kuzitosha huwa kubwa kuliko watu wanavyotarajia.

Nyundo za kufinyanga bati ni ukoo mwingine kabisa. Mapigo yake ni mafupi na ya haraka, kwenye bamba jembamba lililo baridi, na zisichanganywe na hizi.

Presi inavyokula joto

Chuma laini kilicho kwenye joto zuri la kufulia, rangi ya chungwa hadi njano, hudai takriban tani moja kwa kila sentimita mraba inayoguswa. Kikishuka hadi wekundu hafifu kinadai mara mbili au tatu ya hapo. Hivyo presi ya tani 25 ina uwezo wa kubonyeza eneo la kama sentimita 5 kwa 5, na si zaidi. Anayejaribu kulaza bamba pana kwa mara moja ataiona mashine ikisimama na kudhani imeharibika. Haijaharibika, ameidai eneo lisilo lake. Akipunguza upana wa dai, yaani kile kipande cha chuma kinachogusa kazi juu na chini, tani zilezile zitaingia kwa kina.

Tatizo la pili la presi ni muda wa kugusana. Pigo la nyundo hugusa chuma kwa kitambo kisichohisika, kisha linaachia. Presi hukaa juu ya kazi sekunde nzima au zaidi, na dai zilizo baridi hunyonya joto kutoka kwenye ngozi. Kipande chembamba hupoteza joto lake kwa mkandamizo mmoja. Hapo nyundo inashinda waziwazi: kurefusha fito nyembamba, kuchonga ncha, kulainisha uso, kumalizia. Mapigo ya harakaharaka hata hurudisha joto kidogo ndani ya chuma. Presi inashinda kwenye donge nene, kwenye kuunganisha tabaka za vyuma kwa moto, kwenye kutoboa kwa kina, na kwenye kubonyeza umbo mahali pamoja bila kazi kuruka.

Magamba yanayojitengeneza juu ya chuma chenye moto nayo yana tabia zake. Chini ya nyundo yanapasuka na kurukia pembeni. Chini ya presi yanakaa palepale na kuzamishwa ndani ya uso, na yakitoka baadaye huacha vishimo. Kazi isuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kila mkandamizo, hasa kama uso huo ndio watu watakaoutazama.

Mahali mkono wa fundi unapoonekana

Mashine haina mtindo. Umbo linatoka kwenye dai, na mchongaji anayenunua mashine bila kutenga muda wa kutengeneza dai zake mwenyewe atafanya kazi zinazofanana na za kila mtu. Kanuni ya msingi ni kwamba chuma hutiririka kuelekea upande wenye njia fupi. Dai nyembamba yenye mgongo wa mviringo, ikilazwa kukatisha fito, husukuma chuma kuelekea ncha za fito, nayo inarefuka bila kupanuka sana. Ukiigeuza fito ili mgongo uende sambamba nayo, inapanuka na kuwa jani. Dai bapa husukuma pande zote, kwa hiyo hurefusha polepole lakini huacha uso safi. Ndiyo sababu mafundi huanza na dai yenye mgongo na kumaliza na iliyo bapa.

Kingo za dai ziwe za mviringo. Kingo kali huchimba hatua kwenye kazi, na pigo linalofuata huilaza hatua hiyo juu ya chuma kilicho jirani, ukapata mkunjo uleule wa siri.

Kurefusha fito ya duara kuna mpangilio wake: igeuze iwe mraba kwanza, irefushe ikiwa mraba, ukikaribia kipimo vunja pembe iwe na pande nane, halafu ndipo urudishe duara. Anayepiga duara kwa dai bapa akizungusha tu, huufungua moyo wa fito na kuupasua katikati. Mraba ukianza kulala na kuwa kama msambamba, usiendelee kupiga pande. Simamisha pembe mbili ndefu uzipige mpaka ukae sawa. Na katika kunenepesha, yaani kuipiga fito nchani ili iwe fupi na nene, urefu usioshikiliwa usizidi mara tatu ya unene, la sivyo fito itapinda badala ya kunenepa.

Ninaipenda sana njia ya kujaribu kwa udongo laini wa kufinyangia. Udongo huo hutiririka chini ya dai karibu sawa na chuma chenye moto, kwa hiyo mchongaji anaweza kutengeneza dai ya mbao, kuukandamiza udongo, kuukata katikati na kuona ndani kilichotokea, bila kuwasha tanuri. Umbo ambalo haliwezekani kwenye udongo halitawezekana kwenye chuma.

Eduardo Chillida, mchongaji wa nchi ya Wabaski, alianza kufanya kazi ya chuma mwaka 1951 kwenye karakana ya mhunzi huko Hernani. Kazi zake zilipokua zilihitaji mashine za kiwandani, na vipande vitatu vya chuma vilivyowekwa kwenye miamba ya San Sebastián mwaka 1977 vina uzito wa takriban tani 10 kila kimoja. Ukivitazama unaona mikunjo minene iliyogeuka bila kupasuka, jambo linalowezekana tu pale moyo wa chuma unapokuwa na moto sawa na ngozi. Subira ya tanuri ni sehemu ya sanaa hiyo. Donge nene likitolewa mapema lina rangi nzuri kwa nje na ugumu ndani, na mashine yoyote itakufichulia hilo kwa kupasua uso.

Hatari zisizofanana

Nyundo huumiza kwa kurusha. Kazi isipolala bapa juu ya dai ya chini, pigo huirusha na koleo hurudi kwa kasi. Mikono ya koleo ikae pembeni ya nyonga, kamwe isielekee tumboni. Koleo litoshe kipande kinachoshikwa, na liwe na pete ya kulifunga. Zana zinazoshikwa kwa mkono chini ya nyundo zisiwe fupi wala ngumu kupita kiasi, kwa maana chuma kigumu hupasuka na kuruka kama risasi. Masikio yafunikwe kila siku. Uziwi wa wahunzi hauji kwa siku moja, na hauponi. Wakati wa kubadilisha dai, kata umeme na uweke gogo chini ya kichwa.

Presi ni ya kimya, na ukimya huo hulaghai. Vidole hubanwa bila kelele. Kazi iliyokaa mshazari huchomoka ghafla ikiwa imebeba tani zote. Mafuta yanayoisukuma presi, yakivuja kwa tundu dogo la mpira unaoyapitisha, kwenye shinikizo kubwa, hupenya ngozi ya mkono na kuingia mwilini. Jeraha linaonekana kama kichomo cha sindano lakini linahitaji hospitali na upasuaji wa haraka. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, si kwa kiganja. Mipira ikingwe kwa bamba dhidi ya chuma cha moto, kwani mafuta yakipuliziwa juu ya kazi yenye moto huwaka. Weka vizuizi vya chuma kati ya dai ili zisigongane, na valvu irudi yenyewe katikati unapoiachia.

Hatari mbili zinawahusu zaidi wachongaji, kwa sababu wao hupenda vyuma vilivyookotwa. Bomba lililozibwa pande zote mbili likiingizwa motoni hulipuka, litobolewe kwanza. Chuma chenye zinki hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Zinki iondolewe yote kabla ya tanuri.

Ya kwanza iwe ipi

Anayetengeneza mageti, vyombo na fito ndefu aanze na nyundo. Anayefanya visu vya tabaka, madonge mazito au maumbo machache yanayojirudia aanze na presi. Kwa mchongaji ninaegemea presi, si kwa nguvu zake bali kwa sababu inasimama pale unapotaka isimame, na kosa lake lina muda wa kuonekana kabla halijakamilika. Akishapata nafasi, nyundo ya hewa iwe jirani yake, maana kazi nyingi nzuri huanza kwenye presi na kumalizikia kwenye nyundo.

Ukikagua nyundo iliyotumika, safisha grisi kwenye mifereji inayoshika dai, juu na chini, utafute nyufa kwenye pembe za ndani. Tikisa kichwa kwenye reli zake kuona ulegevu, kisha uliza fuawe ina kilo ngapi. Kwa presi, itazame fremu kutoka pembeni wakati inakandamiza kwa nguvu kamili, na uwe na tochi ya kumulika kila maungio.